Walininyima kazi kisa nilikamatwa, nikaipata hivyo hivyo

Kuna mdogo wetu mmoja kaniandikia juzi kutoka Ohio, hapa Marekani, kapata kazi nzuri, kashawaambia mpaka wa nyumbani, halafu ikaja imeili kwamba hawaendelei naye, kisa bakgraundi cheki, yaani uchunguzi wa rekodi zako za nyuma. Ananiuliza kaka nifanyeje, maana wenzake wanamwambia achana nao tafuta nyingine. Usiachane nao! Na nyie wengine mnaotaka kutoka kwenye kazi za kubeba boksi mkakae ofisini someni hii, mimi nimeipitia na nilishinda, sioni aibu kujisifu.

Niko Chicago. Usiku mmoja natoka shifti polisi wakanisimamisha, eti gari inafanana na ya mtu wanayemtafuta. Mara shuka, mara mikono kwenye boneti, mara pingu. Nikalala ndani, asubuhi nikaachiwa bila shitaka, hata samahani hakuna. Wizara ya Sheria ya Marekani yenyewe ilitoa ripoti Januari 2017 kwamba polisi wa jiji hili wanatumia nguvu kupita kiasi na wanaoumia zaidi ni weusi na Walatino, kwa hiyo situngi.

Baadaye naomba kazi ya uhasibu (nina CPA yangu ya Bongo bwana), usaili safi, ofa ikatoka, halafu kimya. Napiga simu, mama wa HR, idara ya wafanyakazi, anasema "kuna kitu kimeonekana". Kitu gani? Hasemi.

Sasa sikiliza. Kuna sheria ya tangu 1970 inaitwa FCRA, mwajiri akitaka kukukataa kwa sababu ya ripoti ya kampuni ya uchunguzi lazima kwanza akupe kopi yake. Niliidai kwa maandishi. Kuja kuiona, imeandikwa nimekamatwa basi, habari ya kuachiwa haimo. Nikaipinga kwa kampuni iliyoiandika, kwa kawaida wana siku 30 za kuchunguza, halafu nikaenda EEOC, tume ya serikali ya haki kazini. Hawa mwaka 2012 waliandika wazi kwamba kukamatwa siyo ushahidi wa kosa, na kwa kuwa weusi wanakamatwa zaidi, ukimkataa kila aliyewahi kukamatwa unaweza ukawa umevunja sheria ya 1964 ya kupinga ubaguzi. Hapa Illinois, jimbo letu la Chicago, ndo kabisa, sheria ya jimbo inakataza. Barua ya EEOC ilipowafikia hao waajiri ofa ikarudi, na yule mama sasa tunapishana kwenye lifti ananichekea.

Kilichoniuma siyo yeye. Ni Wabongo wenzangu, "shukuru una makaratasi", "utajiharibia". Mmoja akanishauri nijiite James badala ya Jamal. Na kweli, kuna utafiti ulitoka 2004, walituma sivii kama elfu tano za kubuni Boston na hapa Chicago, wenye majina ya kizungu kama Greg walipigiwa simu kwa asilimia 50 zaidi ya kina Jamal. Lakini jina kanipa babu, silibadilishi kwa ajili ya mtu wa HR!

Tuache uoga jamani. Kila kitu kiwe kwenye maandishi, wakikupigia simu waandikie imeili ya kuthibitisha walichosema, na tunza kila karatasi.

Mdogo wangu, andika leo uombe hiyo ripoti. EEOC wanatoa siku 180 za kupeleka malalamiko, kwenye majimbo yenye tume yao ni 300, na Ohio mnayo, ila usizihesabu, wahi. Ikija nitumie tuisome wote.