Geti Linapofunguliwa Polepole: Kwa Mnaoanza Kuhakiki Filamu na Tamthilia

Wadogo zangu mnaoanza kuandika uhakiki wa filamu na tamthilia, niwaanzie na geti.

Filamu nyingi za Bongo za enzi ya DVD zina geti. Gari linapiga honi, mlinzi anatoka, anafungua upande mmoja, anafungua wa pili, gari linaingia, mtu anashuka, anatembea taratibu hadi barazani. Nilipoanza kazi hii nilikuwa nikihesabu sekunde za geti na kuziandika kama ushahidi kwamba mhariri hajui kukata. Uhakiki wangu wa kwanza kuchapishwa ulisimama juu ya geti la namna hiyo. Filamu yenyewe niliitazama chumbani, peke yangu, kwenye kompyuta.

Miezi michache baadaye nikaikuta inaonyeshwa saluni, nilikokwenda kumsindikiza dada yangu kusuka. Wanawake sita, mikono yote ina kazi. Hakuna aliyeikodolea macho mwanzo hadi mwisho, walikuwa wakiisikiliza. Geti lilipoanza kufunguliwa, msusi akabadilisha kitana, mwingine akatoka kutazama maharage yake jikoni, na waliobaki wakaanza kubishana: huyu baba anayeingia ameshajua kwamba mkewe kauza kiwanja, au hajajua? Gari lilipoegeshwa, ubishi ulikuwa umeiva na aliyetoka amesharudi kitini, wote tayari kwa maneno ya sebuleni. Nilichokiita uvivu wa mhariri, wao walikitumia kusemezana.

Sisemi filamu ile ilikuwa nzuri. Uigizaji wake ulikuwa na kasoro na bado naziona. Ila nilihakiki filamu ambayo watazamaji wake hawajawahi kuiona: ile inayotazamwa na mtu mmoja, kimya, mlango umefungwa.

Geti lilikuwa na sababu nyingine, ya dukani. Filamu ziliuzwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, kila moja na jalada lake na bei yake, kwa hiyo hadithi ya diski moja ililazimika kujaza mbili. Mara nyingi mtayarishaji alimuuzia msambazaji wa Kariakoo haki zote kwa malipo ya mara moja. Filamu ikivuma, haongezewi kitu. Ya nini basi kukaa mwezi mzima kwenye uhariri? Asiyejua haya atamtwika mwongozaji mzigo wa soko zima. Anayeyajua ana swali gumu zaidi mkononi: kwa nini wapo waliobana hadithi zao vizuri katika soko hilohilo?

Steven Kanumba, mwigizaji nyota wa filamu za Bongo, alifariki tarehe 7 Aprili 2012. Siku ya kumuaga, Viwanja vya Leaders pale Kinondoni vilifurika. Akina mama ambao hawakuwahi kukutana naye walilia kama waliofiwa na mtoto wa kumzaa. Nikayapitia magazeti niliyokuwa nimeyatunza, ya kwangu na ya wenzangu, nikitafuta makala moja tu iliyojaribu kueleza mapenzi yale yalitoka wapi. Sikuipata. Tulikuwa tumeshughulika na makosa yake ya Kiingereza. Hilo linaniuma mpaka leo, na ndilo hasa lililonisukuma kuwaandikia.

Nendeni kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuonyeshea video. Huko filamu ya Hong Kong au ya Kihindi hupitia kwanza mdomoni mwa msimulizi. Dar es Salaam ilikuwa na Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kama Lufufu. Kenya ina DJ Afro. Uganda wanawaita mavijei, na VJ Jingo ni mmoja wa wanaotajwa sana. Msimulizi hufanya zaidi ya kutafsiri. Adui humpa jina la mtaani, steringi, yaani shujaa wa filamu, humwonya kabla ya kuviziwa, na desturi ngeni huifananisha na jambo la Mbagala au Tandale. Chukua kipande cha dakika kumi, kitazame bila msimulizi, kisha pamoja naye, uandike kila alichoongeza na kila alichokiruka. Orodha hiyo itakuonyesha watu wanavyoigeuza hadithi ya wageni ikawa yao. Mimi imenifundisha kuliko semina nyingi nilizohudhuria.

Kuna neno nawaomba mlifungie kabatini mwaka mzima: mmomonyoko wa maadili. Linafunika chungu kabla hujaonja. Ukiona tamthilia inawadhalilisha wanawake, tuonyeshe lilipo hilo onyesho. Nani anazungumza na nani anakatizwa? Kamera imeanzia wapi kwenye mwili wake? Anaadhibiwa kwa kosa gani ambalo mwanamume wa hadithi hiyohiyo anasamehewa? Niliwahi kugawa daftari pande mbili: kushoto, kila mwanamke anapoonekana akifanya kazi ya kumpatia kipato, kulia, kila anapolia kwa sababu ya mwanamume. Wiki mbili za tamthilia za jioni zilitosha. Upande wa kulia nilifungua ukurasa mpya mara kadhaa, wa kushoto ulibaki mweupe. Makala ile iliwakasirisha watu, lakini hakuna aliyesema nimeizusha.

Ulizeni pia nani kalipia. Mwaka 2011 TBC, televisheni ya taifa ya Tanzania, ilirusha tamthilia ya Kichina kuhusu binti aitwaye Mao Doudou na mambo ya ukweni, ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili. Wengi tuliichukulia kama burudani ya jioni. Machi 2013 Rais Xi Jinping wa China, akihutubia Dar es Salaam, akaitaja kama dirisha la Watanzania kuyaona maisha ya kawaida ya Wachina. Ugomvi wa mkwe na mke ulishaingia kwenye hotuba ya rais. Hata hivyo watu waliipenda kwa sababu ukweni wanaujua, na mhakiki mwaminifu ataandika yote mawili.

Mengine ni mafupi. Muhtasari usizidi sentensi nne. Tajeni mpiga picha na mhariri kwa majina. Ndoa ya msanii haiwahusu.

Na simu zikiita, pokeeni. Baada ya makala ya geti, mwongozaji alinipigia saa tatu usiku. Nilitarajia matusi. Akasema, "Kaka, ile nyumba ya kuazima. Mwenyewe alikuwa anarudi saa kumi. Maneno ya sebuleni tulipanga kurasa sita, tukawahi mbili. Geti tulilirekodi nje wakati tunahamisha vitu, ndicho kitu pekee kilichobaki cha kujazia." Nikamuuliza zile kurasa nne zilisema nini. Akanisimulia karibu saa nzima, na palikuwa na mazungumzo ya mke kuhusu kile kiwanja ambayo yangebadilisha hadithi yote.