Mwalimu Anajibu: "Mama kachoma fulana yangu, kisa bikari"

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 20, nasomea uashi mwaka wa pili katika chuo cha ufundi hapa Morogoro. Darasa letu tulichangishana tukachapisha fulana. Mgongoni tumeweka bikari na skwea (ile ya kupimia kona) vimepandana, katikati mwiko. Niliporudi nyumbani likizo, mama akaiona kwenye kamba ya nguo. Jumapili hiyohiyo mhubiri wao alikuwa amefundisha alama za Freemason na kuwaonyesha picha kwenye simu. Mama akaichoma fulana nyuma ya jiko, na kesho yake wakaja akina mama watano wa maombi kunikemea pepo. Sasa anataka nihamie kozi ya umeme, na ada analipa yeye. Je, alama hizi ni za nani hasa? Na nifanyeje bila kumvunjia mama heshima?
*Mwanafunzi, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa fulana. Shukuru hawakuuchoma na mwiko.

Baba yangu alikuwa mwashi Tanga, enzi zile mkonge bado ni dhahabu. Alikuwa na timazi ya shaba, ile ya kuning'iniza kwenye kamba kuona kama ukuta umesimama wima, nzito kama embe bolibo, na usiku aliitundika kwenye msumari juu ya kitanda chake. Sisi watoto tulikatazwa kuigusa. Si kwamba ilikuwa na majini; alisema ukiidondosha ncha ikapinda, ukuta wa mtu utapinda nayo, na mwenye nyumba hatakuja kukudai wewe, atakuja kumdai yeye. Basi ukiniuliza alama hizi ni za nani, jibu langu la kwanza ni kwamba ni za baba yangu, na za babu yake, na sasa ni zako. Freemason walizikuta saiti.

Jina lao lenyewe linasema hivyo. Ukilileta kwa Kiswahili ni "mwashi huru". Waashi wa mawe wa Uingereza na Uskoti, wale waliojenga makanisa makubwa na ngome, walikuwa na vibanda vyao pale saiti, na kibanda ndicho kilichokuja kuitwa loji. Fundi alihama mji hadi mji kufuata kazi, na hakuwa na cheti cha chuo kama utakachopewa wewe. Akifika saiti mpya, alijulikana kuwa fundi kweli kwa neno la siri na namna ya kupeana mkono, akapangiwa mshahara wa fundi, si wa kibarua. Baadaye wakaanza kuingia mabwana ambao hawajawahi kubeba jiwe. Kwa mapokeo yao wenyewe, tarehe 24 Juni 1717, siku ya Mtakatifu Yohana Mbatizaji, loji nne zilikutana katika kilabu cha pombe karibu na kanisa la Mtakatifu Paulo, London, zikaunda Loji Kuu. Tangu hapo zana zikawa mafundisho: skwea ni uadilifu, bikari ni mtu kujiwekea mipaka, pima maji ni usawa wa binadamu. Ngazi zao kuu tatu ni zilezile za saiti, yaani mwanagenzi, fundi, na fundi mkuu.

Sasa usije ukadhani namtetea mtu. Hofu ya mama yako haikuzuka hewani. Chama kinachokutana mlango ukiwa umefungwa kitasemwa tu, hata kama ndani wanakula wali maharage. Isitoshe, kiapo chao kilitaja adhabu za kutisha, kukatwa koo na kung'olewa ulimi kwa atakayetoa siri. Wenyewe husema ni maneno ya mfano tu. Loji Kuu ya Uingereza iliyaondoa kwenye kiapo mwaka 1986, na mimi najiuliza walikuwa wakingoja nini miaka yote hiyo. Mtu anayetamka kwa hiari yake kwamba akatwe koo asimlaumu jirani akivuta watoto ndani.

Dini nazo zimesema, tena zamani. Papa Klementi XII aliwakataza Wakatoliki kujiunga mwaka 1738. Vatikani ikarudia tarehe 26 Novemba 1983, hati ikiwa na sahihi ya Kadinali Ratzinger, yule aliyekuja kuwa Papa Benedikto XVI, na ikarudia tena Novemba 2023. Kwa upande wa Waislamu, Baraza la Fiqhi, yaani la sheria za Kiislamu, la Makka lilitoa uamuzi wa kuwakataa mwaka 1978. Kwa hiyo Mkatoliki au Mwislamu anayesema "dini yangu hainiruhusu" anasema kweli, na hana haja ya kuongeza chumvi. Isome hiyo hati ya 1738: inalalamikia siri, viapo, na watu wa dini mbalimbali kufungamana humo. Hutakuta chatu anayetapika noti.

Chatu, mbuzi na damu vimetoka kwingine, na hapa ndipo ninapotaka utulie usome taratibu. Ufaransa alikuwepo mwandishi mmoja akijiita Léo Taxil. Miaka mingi aliwatukana mapadri kwa vitabu vyake, kisha mwaka 1885 akatangaza ametubu na kurudi kanisani. Akaanza kutoa vitabu vya kufichua kwamba Freemason wanamwabudu Lusifa. Akamzua na mwanamke, Diana Vaughan, eti kuhani wa shetani aliyeokoka. Watu wakalia, wakamwombea. Papa Leo XIII akampokea Taxil mwenyewe Vatikani. Miaka 12 alikula kwa hadithi hiyo. Tarehe 19 Aprili 1897 akawaita mapadri na waandishi wa habari katika ukumbi wa Chama cha Jiografia, Paris, wakitarajia kumwona Diana kwa macho yao. Akapanda jukwaani akawaambia hakuna Diana, hakuna ibada ya Lusifa, yote kayatunga yeye. Ukumbi ukachafuka, ikabidi polisi wamtoe.

Aliyetunga kakana, hadithi haikumfuata, ikaendelea na safari. Ile picha ya mbuzi mwenye mabawa aliyekaa na kunyoosha mkono, ambayo nina hakika mama yako ameonyeshwa, ilichorwa na Mfaransa mwingine, Éliphas Lévi, katika miaka ya 1850, kwa ajili ya kitabu chake cha uganga. Taxil ndiye aliyeibandika kwa Freemason, na sasa inapigiwa kelele kwenye simu Morogoro.

Lakini usimpelekee mama habari za Taxil. Mama hashindwi kwa hoja. Ukimshinda umepoteza mara mbili, na ada bado iko mkononi mwake. Kwanza mwombe msamaha kwa kumtia hofu, maana hofu yake ilikuwa ya kweli. Kisha siku ametulia, mwombe akusomee Amosi sura ya 7, kuanzia mstari wa 7. Humo Bwana amesimama karibu na ukuta, mkononi ameshika timazi. Usiongeze neno. Baadaye mwombe akushikie kamba mkapime kona ya nyumba yenu: futi 3 upande mmoja, futi 4 upande wa pili, na ukivuta kamba kukata kona ipatikane futi 5 kamili. Ikizidi au ikipungua, kona imepinda. Sijaona nyumba ya kupangisha wala ya urithi isiyo na kona iliyopinda, kwa hiyo mtakuwa na la kuzungumza, na mama atataka kujua fundi gani aliwaibia. Mkifika hapo, zana imesharudi kuwa zana.

Na fulana ijayo wekeni mwiko peke yake. Nitasema ukweli usioupenda: bikari juu, skwea chini, vimepandana, ndiyo nembo yao hasa, wameibandika hata kwenye malango ya majengo yao. Mama yako hakuona vibaya. Mliiweka nembo ya chama ambacho ninyi si wanachama wake.

Mwalimu, shikamoo. Kaka yangu ni dereva wa bodaboda Mbagala. Aliona tangazo kwenye nguzo ya umeme, "Jiunge na Freemason, utajiri ndani ya siku 7", akapiga simu. Alilipa fomu 45,000, kisha pete 120,000, kisha "bima ya roho" 200,000. Sasa wanadai 350,000 za kufungua sanduku la fedha, na wamemtumia ujumbe kwamba asipotuma watamfuata usiku, kwa kuwa jina lake limeshaandikwa. Halali, hali. Ameniambia mimi tu.
*Dada mtu, Mbagala*

Marahaba, binti yangu. Asitume hata mia. Zile 365,000 zimekwenda, azililie siku moja, basi. Sanduku halipo. Jina lake limeandikwa kweli, lakini kaliandika mwenyewe kwenye fomu yao, pamoja na mtaa anaokaa. Ndiyo maana vitisho vyao vinaonekana vya mtu anayejua. Wanaomtisha ni ndugu wa wale wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Zile namba za simu azipeleke 15040 kwa ujumbe, kisha aende kituo cha polisi na miamala yote pamoja na ujumbe wa vitisho. Asifute chochote kwa aibu. Na kwa wiki hii alale kwako. Mtu aliyekosa usingizi haendeshi pikipiki.

Freemason wa kweli hawabandiki karatasi kwenye nguzo. Anayetaka kuingia hupendekezwa na wanachama wanaomjua, akahojiwa, kisha wakampigia kura kwa vigololi, vyeupe vya kukubali na cheusi cha kukataa. Akiingia, analipa ada kila mwaka. Yeye ndiye anayetoa fedha. Jengo lao la Dar es Salaam liko barabara ya Sokoine, halijajificha. Nilipokuwa kijana nikisoma ualimu nilipita hapo mara nyingi, na wenzangu walivuka upande wa pili wa barabara. Siku moja nikamuuliza mlinzi ndani mna nini. Akaniambia, "Viti. Vingi. Na mimi ndiye ninayevipangusa."

Mwanachama aliyejulikana kuliko wote nchini alikuwa Sir Andy Chande, aliyeongoza loji za Afrika Mashariki kwa miaka mingi na hakuficha. Kampuni ya familia yake ya kusaga nafaka ilitaifishwa mwaka 1967 baada ya Azimio la Arusha, naye akabaki kuiendesha kama mwajiriwa wa umma. Kama kuna pepo wa utajiri kwenye ile loji, basi siku hiyo alikuwa likizo.

Kuna jambo linaniudhi hapa, niruhusu niliseme. Tapeli wa kwenye nguzo hana gharama ya matangazo. Amefanyiwa bure, kila wiki, kwa spika kubwa, na wahubiri wanaowahakikishia vijana kwamba yule mwenye gari na yule mwenye ghorofa walipata kwa Freemason. Wao wanadhani wanawatisha. Kijana mwenye njaa anasikia kitu kimoja tu: kumbe inalipa.

Mwalimu, acha kuzunguka. Kanumba aliuawa na Freemason, ndiyo au hapana?
*Msomaji, Kahama*

Hapana. Mwigizaji huyo wa filamu alifariki nyumbani kwake Sinza tarehe 7 Aprili 2012, kesi ikasikilizwa, na Novemba 2017 Mahakama Kuu ikatoa hukumu ya kuua bila kukusudia. Hakuna loji iliyosimama kizimbani.

Lakini najua hutatosheka, kwa hiyo nikutengenezee yako uende nayo kijiweni. Mzee Karume aliuawa Kisiwandui akicheza bao, tarehe 7 Aprili 1972. Kanumba, 7 Aprili 2012. Miaka 40 kamili, siku ileile, na majina yote mawili yanaanza na K. Sokoine naye alikufa Aprili, tarehe 12, mwaka 1984, na jengo la Freemason liko barabara gani? Ya Sokoine. Chande mwenyewe alifariki mwezi gani? Aprili, 2017. Na Taxil alikiri uongo wake Paris mwezi gani? Aprili.

Kila nilichosema hapo juu ni kweli. Kimenichukua kikombe kimoja cha chai na kalenda ya ukutani, na miezi mingine 11 sijaifunua.