Kuku wa nyama akifa ghafla, mpasue kabla ya kukimbilia dawa

Vifaranga wangu walipofika siku ya 23, niliingia bandani alfajiri nikakuta kuku 11 wamekufa. Jioni iliyotangulia walikula vizuri na maji walikunywa. Jirani yangu hapa Mwanza akaniambia, "Hicho ni kideri, ndugu yangu." Chanjo ya kideri nilikuwa nimeshawapa, lakini hofu ilinizidi. Nikaenda dukani, nikauziwa dawa ya unga ya kuchanganya kwenye maji, pamoja na vitamini. Kesho yake wakafa 19.

Daktari wa mifugo alipofika aliomba kisu na kuku aliyekufa muda huohuo. Alisisitiza muda huohuo, kwa sababu mzoga uliokaa saa kadhaa kwenye joto utumbo wake huoza wenyewe na utakudanganya. Alipomfungua nilijionea: utumbo mwembamba umejaa hewa kama puto, na ukuta wake ukiushika unachanika kama karatasi iliyolowa. Kwa ndani badala ya ule ulaini wa kawaida kulikuwa na utando wa kahawia wenye kijani, unakwaruza kama taulo kuukuu. Harufu yake sijaisahau.

Ugonjwa huo ni wa kuoza utumbo. Unaletwa na bakteria aitwaye Clostridium perfringens, na mara nyingi huwapata kuku wa nyama wa wiki ya pili hadi ya sita. Bakteria huyu yumo hata kwenye utumbo wa kuku mzima, na kwenye udongo na maranda ya kutandika bandani anajifunika ganda gumu akakaa muda mrefu. Balaa inaanza anapozaliana kupita kiasi na kumwaga sumu. Mojawapo, NetB, iligunduliwa na watafiti wa Australia mwaka 2008. Inatoboa chembechembe za utumbo mpaka zinakufa.

Nani aliyemfungulia mlango bandani kwangu? Mimi mwenyewe, kwa njia mbili. Soya ilipanda bei, nikaongeza dagaa kwenye chakula nilichokuwa nachanganya. Dagaa wetu wa ziwani ni chakula kizuri, lakini wakizidi, protini isiyosagwa hubaki utumboni na bakteria huyu anaila. Pili, chombo kimoja cha maji kilikuwa kinavuja, na maranda pale pembeni yalikuwa yanashikana ukiyafinya mkononi. Unyevu na joto ndivyo vinavyokomaza vimelea vya koksidia, navyo vikishachubua utumbo, sumu inapata pa kuanzia. Na usisubiri uone damu kwenye kinyesi. Aina nyingine ya koksidia hutoa ute wa rangi ya machungwa tu.

Daktari aliwaandikia amoksilini, dawa ya kuua bakteria, kwenye maji, na akatibu koksidia kando, maana dawa ya koksidia peke yake haiui bakteria. Vifo vilipungua siku ya tatu. Nikawazika wafu kwenye shimo refu lenye chokaa, wala sikuuza hata mmoja mpaka siku za kusubiri dawa iishe mwilini, zilizoandikwa kwenye pakiti yake, zilipokwisha. Naomba sana tuheshimu siku hizo, kwani wanaokula nyama ile ni watoto wa watu.

Sasa dagaa napima kwa mizani, na kubadili chakula cha kuanzia kwenda cha kukuzia nafanya kwa siku nne, nikichanganya kidogo kidogo. Maranda nayafinya kila asubuhi, yenye unyevu nayatoa palepale. Kinachonisumbua zaidi siku hizi ni ugonjwa huuhuu ukija kwa sura isiyoua: kuku wanakula mfuko baada ya mfuko na uzito hauongezeki. Kwa hiyo kila Jumamosi napima kuku 10 na kuandika kwenye daftari. Uzito ukisimama, namchinja mmoja mnyonge, namfungua utumbo kwanza, kisha ndipo nampigia daktari.