Maswali yenu: nani binti mfalme wa kuzaliwa, nani wa kuolewa?

Tangu nilipoandika kuhusu ukoo wa Windsor wa Uingereza, barua zimekuwa zikinijia na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: kwa nini huyu anaitwa Princess, cheo cha mwanamke wa nyumba ya kifalme, na yule haitwi? Nimechukua sita.

Redio zetu zilikuwa zikimwita Binti Mfalme Diana. Alikuwa binti wa mfalme gani? (Msomaji, Tanga)

Hakuwa binti wa mfalme yeyote. Baba yake alikuwa Earl Spencer, mtu wa ukoo wa kale wenye mali na heshima, basi. Cheo alikipata kwa Charles, mwana wa Malkia Elizabeth, siku ya ndoa yao, 29 Julai 1981. Maneno "binti mfalme" yanataja mzazi, kwa hiyo yanamfaa Anne, dada yake Charles, hayamfai Diana. Kwa Diana ningesema mke wa mwana wa mfalme, na ningefurahi sana magazeti yetu yakianza kutenganisha.

Waingereza nao walikosea kila siku kwa kusema Princess Diana. Kwa desturi yao, aliyezaliwa na cheo ndiye anayetanguliza Princess mbele ya jina lake mwenyewe. Diana rasmi alikuwa Princess wa Wales, cheo cha mke wa mrithi wa kiti. Walipoachana Agosti 1996 alivuliwa heshima ya kuitwa Mtukufu, akabaki Diana, Princess wa Wales, kama mtalaka anavyoweza kubaki na jina la ukoo wa mume. Huyo alikuwa mama wa William, mfalme mtarajiwa. Kumnyima neno moja la heshima mbele ya wanawe naliona mpaka leo kuwa ukatili usio na haja.

Kwa nini Kate, mke wa William, alingoja miaka 11 ndipo awe Princess? (Msomaji, Nakuru)

Hakungoja, dada. Alikuwa Princess tangu alipoolewa, 29 Aprili 2011, ila kwa jina la mumewe: Princess William. Mwanawe George alipozaliwa Julai 2013, kwenye cheti chake mahali pa kazi ya mama paliandikwa Princess wa Uingereza. Hadharani alijulikana kama Duchess wa Cambridge, yaani mke wa Duke, cheo cha juu cha kikabaila. Kilichokuja Septemba 2022 ni cheo cha Wales, ambacho Mfalme Charles alimpa William na mke akakipata kwa mumewe. Camilla, mke wa pili wa Charles, pia alikuwa na haki ya kuitwa Princess wa Wales tangu 2005, akaacha kulitumia jina hilo kwa sababu watu walilihesabu la Diana.

Sisi tunaoitana "Mama Fulani" na "mke wa Fulani" hatushangai sana mwanamke kubeba jina la mtu mwingine. Lakini kumwita mwanamke William ni kumfuta kabisa. Marie Christine, aliyeolewa na Michael wa Kent, binamu wa Malkia Elizabeth, mwaka 1978, mpaka leo rasmi ni Princess Michael. Aliyepata njia ya kutokea ni Alice, ambaye katika usichana wake alikaa Kenya kwa baba yake mdogo. Mumewe, Duke wa Gloucester, alifariki mwaka 1974, na mke wa mwanawe akawa ndiye Duchess wa Gloucester. Alice akaomba aitwe Princess Alice, kwa jina alilopewa na wazazi wake, na Malkia Elizabeth akamkubalia ingawa hakuwa binti wa mfalme. Aliishi hadi mwaka 2004, akiwa na miaka 102.

Anne ni mtoto wa Malkia. Mbona wanawe hawana cheo, ilhali Beatrice na Eugenie ni wajukuu kama wao? (Msomaji, Dodoma)

Hili ndilo swali lenyewe. Mwaka 1917, vita na Ujerumani vikiwa vimepamba moto, Mfalme George V aliacha jina la Kijerumani la ukoo wake akachukua Windsor. Mwishoni mwa mwaka huohuo akatoa waraka wa kupunguza vyeo: Prince na Princess ni watoto wa mtawala, na watoto wa wanawe wa kiume. Binti anakuwa na cheo maisha yake yote lakini hamrithishi mtoto. Beatrice na Eugenie baba yao ni Andrew, mwana wa kiume wa Malkia. Wana wa Anne, Peter na Zara, mama yao ndiye wa ukoo, na baba yao hakuchukua cheo chochote, kwa hiyo Peter alizaliwa mwaka 1977 akiwa raia wa kawaida. Anne amewahi kusema kwamba huenda hilo limewarahisishia maisha.

Ona waraka ule ulivyowageukia wenyewe. Mwaka 1948 Elizabeth alikuwa mjamzito, na ndiye aliyetazamiwa kurithi kiti. Kwa kuwa yeye ni binti, mtoto wake asingekuwa Prince! Ilibidi baba yake, George VI, atoe waraka mwingine mwezi Oktoba. Charles akazaliwa tarehe 14 Novemba. Mfalme wa leo aliponea kwenye wiki chache.

Charlotte, binti wa William, yuko mbele ya mdogo wake Louis katika kurithi kiti. Watoto wake nao watakuwa na vyeo? (Msomaji, Muscat)

Kiti ni jambo moja, cheo ni jingine. Sheria ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Machi 2015, iliondoa desturi ya mdogo wa kiume kumruka dada yake, ndiyo maana Louis alipozaliwa mwaka 2018 hakumpita Charlotte. Ila kwa waraka wa 1917 hata Charlotte mwenyewe asingezaliwa Princess, kwa kuwa katika kizazi chake ulimtambua mvulana wa kwanza tu. Malkia aliurekebisha tarehe 31 Desemba 2012. Watoto wa Charlotte, kama mambo yatabaki yalivyo, hawatakuwa na cheo. Wafalme wajao wawape wote au wawanyime wote, lakini wasiendelee kumpima mtoto kwa kuuliza kama mzazi wake ni wa kiume.

Andrew amevuliwa u-Prince. Mabinti zake je? (Msomaji, Kigoma)

Wanabaki na vyeo vyao. Baba alivuliwa chake mwaka 2025, wao walizaliwa na vya kwao.

Bibi yangu huita Muhimbili "Prinsesi Magreti". Ni nani huyo? (Msomaji, Dar es Salaam)

Ni Margaret, mdogo wake Malkia Elizabeth. Alizaliwa mwaka 1930, baba yake akiwa bado Duke wa York, mwana wa mfalme, hivyo alikuwa Princess tangu alipozaliwa. Mwaka 1956 alizuru Afrika Mashariki, na hospitali hiyo, iliyotokana na ile ya Sewa Haji, ikapewa jina lake. Alipoolewa na mpiga picha Antony Armstrong-Jones mwaka 1960, cheo chake hakikuguswa. Mume hakuwa Prince kwa kumwoa. Mwaka uliofuata alifanywa Earl wa Snowdon, na watoto wao wawili wakapata vyeo kwa baba.

Nifikishie shikamoo kwa bibi. Huyo anayemtaja ni binti mfalme hasa, wa kuzaliwa.