Usiwafungie watoto ndani kwa sababu ya mbu

Ndugu yangu, umeuliza iwapo uwazuie watoto wako wa miaka 2 na 4 kwenda vichakani mpaka mbu wapungue. Kwa maoni yangu usiwazuie, bali uchague vizuri saa na mahali. Mbu wengi huuma zaidi alfajiri na jua linapozama, ingawa wale wa jamii ya Aedes huuma hata mchana, na kwa kuwa mbu huruka kwa unyonge, uwanda wenye upepo una nafuu kuliko kivuli kilicho karibu na maji yaliyotuama. Wavishe nguo za mikono mirefu zenye rangi hafifu, na suruali zichomekwe ndani ya soksi, kwani kupe huonekana upesi juu ya rangi hiyo.

Dawa ya kufukuza wadudu yenye kemikali iitwayo DEET haipakwi kwa mtoto wa chini ya miezi 2, na ile ya mafuta ya mkaratusi-limau haishauriwi kabla ya miaka 3, kwa hiyo hiyo ya pili haimfai yule wako mdogo. Dawa inayomfaa mtoto itie kwanza viganjani mwako ndipo umpake, ukiepuka macho, mdomo na viganja vyake, ambavyo katika umri huo huishia kinywani. Mkirudi, wakague kama wana kupe nyuma ya masikio, kwapani na nyuma ya magoti.

Wangu walipoonyeshwa viluwiluwi wa mbu wakining'inia kichwa chini ili kuvuta hewa juu ya maji, waliacha kulalamika na wakaanza kuwahesabu.