Msiongeze meza hata moja kabla kila kazi haijapata watu wawili

Usitie saini mkataba wa ukumbi huo mkubwa wa viwanja vya maonyesho. Mleta mada, umeuliza mambo manne kwa mpigo kuhusu tamasha lenu la sufu: kama mhamie viwanja hivyo kwa kuwa maombi ya meza yamefika maradufu ya nafasi mlizo nazo, mwuzaji atozwe ada kiasi gani, kama mwalike walimu wa kusokota kutoka nje, na namna ya kupata vibali vya kuleta kondoo. Naanza na la kwanza, kwa sababu ndilo litakaloamua kama mtakuwa na tamasha la kuulizia habari zake miaka miwili ijayo.

Umeandika kwamba watu wa kujitolea hawatakuwa tatizo, kwa sababu "tamasha likikua, watakuja wenyewe". Ni sentensi hiyo iliyonifanya niandike, maana kamati yetu iliambiwa maneno hayohayo na mshauri wa matamasha aliyeletwa kwetu kama mtaalamu. Alituonyesha michoro ya idadi ya wageni, akasema kwamba umati huvuta wasaidizi, na kwamba kamati inayosubiri wasaidizi kabla ya kupanua ni kamati ya waoga. Hakusema, mpaka tulipousoma mkataba wake kwa makini baadaye, kwamba malipo yake yalikokotolewa kutokana na ada za meza. Kila meza aliyotushawishi kuiongeza ilimwingizia fedha, na hakuna kazi hata moja iliyotokana na meza hizo aliyoifanya yeye. Mpaka leo namlaumu, na ninamlaumu yeyote anayewashauri watu wa kujitolea kwa masharti ya namna hiyo bila kuyaweka wazi siku ya kwanza.

Jambo ambalo hakulieleza ni kwamba meza zikiongezeka maradufu, kazi hazibaki zilezile kwa wingi zaidi. Huzuka kazi ambazo hazikuwapo kabisa. Katika ukumbi mdogo hakuna anayeongoza magari, hakuna anayepanga zamu za kushusha mizigo, hakuna anayesimama kwenye mlango wa dharura ili wauzaji wasiuzibe kwa maboksi, na fedha za mlangoni hukaa kwenye kisanduku kinachoonekana na kila mtu. Katika ukumbi mkubwa kila moja ya kazi hizo inahitaji mtu wake tangu alfajiri hadi jioni. Wasaidizi walioahidiwa na umati hawakutokea, kwa sababu umati huja kununua nyuzi na kutazama, na hiyo ni haki yake. Waliochukuliwa kujaza mapengo walikuwa wasokotaji, wafumaji na watia rangi wetu, yaani watu walewale ambao wageni walikuwa wamekuja kuwaona.

Nitakueleza kilichotokea kwenye chungu cha nili, ile rangi ya buluu ya kutilia nyuzi, ili usidhani ninatia chumvi. Nili haiyeyuki kwenye maji ya kawaida. Huyeyuka pale tu oksijeni inapoondolewa, na chungu kilicho tayari huwa na maji ya kijani yenye umanjano, na utando wa buluu juu yake. Uzi hutoka ukiwa na rangi hiyo ya majani machanga, kisha hugeuka buluu hewani mbele ya macho ya watu, na hakuna onyesho linalowanyamazisha watoto kama hilo. Lakini chungu hicho kinataka mtu asiyeondoka: achovye polepole bila kutimua mapovu, alinde joto, na azuie mikono ya wapitanjia. Mtia rangi wetu aliitwa getini kwa sababu madereva walikuwa wakigombana na hapakuwa na mwingine wa kutumwa. Aliporudi, watu walikuwa wamekoroga chungu kwa vijiti, hewa imeingia, na maji yote yamekuwa buluu kutoka juu hadi chini, rangi isiyoshika tena. Vitita vya uzi vilivyochovywa wakati hayupo vilipauka katika maji ya kwanza ya kusuuza, na waliovichovya walikuwa wamelipia somo hilo.

Kitanda cha mfumi, yaani mtambo wa kufumia kitambaa, nacho kilikuwa kimetandwa mtande mrefu (nyuzi za urefu) ili kila mgeni apitishe mshindio (uzi wa upana) mara moja na kuacha mstari wake kwenye kitambaa cha pamoja. Nyuzi za ukingoni zilikatika kabla ya adhuhuri. Mtu aliyejua kuziunga alikuwa chumba cha nyuma akihesabu fedha, kwa hiyo kitambaa kile hakikukamilika. Meza ya kukagua sufu mbichi iliachwa bila mtu, na sufu ambayo haijachambuliwa ikapangwa bega kwa bega na mitandio iliyokamilika. Yeyote anayefuga kondoo au kuuza nyuzi anajua kwa nini hilo halisameheki: mabuu ya nondo wa nguo hula sufu, na bunda moja lenye mayai yake linatosha kumharibia jirani akiba yake yote. Wauzaji waliokuwa nasi tangu mwanzo walifunga mizigo yao mapema, na sikuona namna ya kuwaambia wabaki.

Gharama ya ukumbi ilikuwa kubwa, lakini fedha hutafutwa zikapatikana. Hasara ambayo hatujaifidia ni watu. Mratibu wa madarasa, aliyekuwa ameifanya kazi ile peke yake tangu tuanze, alimaliza siku ya mwisho, akakabidhi funguo, na hakurudi tena. Nani alikuwa amekubali kufundisha nini, nani anahitaji meza ndefu ya kukandia sufu kwa sabuni na maji ya moto, nani asipangwe karibu na jiko kwa sababu ya mapafu yake, yote yaliondoka naye, kwa kuwa hatukuwahi kumpa mtu wa kujifunza kando yake. Simlaumu hata kidogo. Alitumika kupita uwezo wa binadamu mmoja.

Kwa hiyo kanuni ninayokusihi uifuate ni hii: kila kazi iwe na watu wawili kabla hamjaongeza meza moja. Mmoja anaifanya, na wa pili amewahi kuifanya kando yake angalau katika tamasha moja lililopita. Andikeni kazi kwa udogo wake. Msiandike "mlango", andikeni "kufungua ghala", "kupokea wauzaji wa kwanza", "kupeleka fedha za asubuhi kwa mweka hazina". Jina lisionekane mara mbili katika saa ileile, na anayefundisha au kuonyesha kazi ya mikono asiandikwe popote pengine siku hiyo. Waandikeni tu waliokubali kwa kauli yao wenyewe, wala si wale mnaodhani hawatakataa. Mkiona mapengo, hapo ndipo ukubwa wenu ulipo kwa mwaka huu, hata kama wauzaji wamepanga foleni.

Najua watakuja hapa watu kukutajia Tamasha la Kondoo na Sufu la Maryland, Marekani. Ni mfano mzuri, ila usomwe wote. Lilianza miaka ya 1970 na lina chama cha wafugaji wa kondoo nyuma yake, hivyo kulikuwa na wanachama wa kurithishana kazi. Woolfest ya Cumbria, Uingereza, iliyoanza 2005, nayo iliasisiwa na ushirika wa mafundi wa sufu uliokuwapo tayari, na makao yake yamekuwa kwenye soko la mnada wa mifugo, mahali palipojengwa kwa ajili ya kushusha na kupanga wanyama. Katika mifano yote miwili watu walitangulia, meza zikafuata.

Orodha ya wauzaji wanaosubiri si dharura. Wapeni nafasi kwa zamu, mwaka huu hawa na mwaka ujao wale, na watangulizeni wanaouza kazi za mikono yao wenyewe. Muuzaji makini atasubiri, na wengine watakubali kusaidia siku moja ili waone tamasha linavyoendeshwa. Hao ndio mnaowatafuta.

Mwenye ukumbi amekupa muda mfupi ili usipate nafasi ya kuhesabu. Mwombe aahirishe, na akikataa mwache ampe mwingine. Kisha ibandike hapa orodha yenu ya kazi, majina mkiyafunika na mapengo mkiyaacha wazi, nami nitaipitia mstari kwa mstari.