Barua kwa mwanangu: risasi ipi kwa shabaha na sungura

Mwanangu Salum,

Assalaam alaykum. Huku Wete sote wazima, alhamdulillahi. Umeniuliza kwenye fomu ya polisi ya kuomba leseni ya bunduki huko Uingereza uandike ipi: .22 LR, .22 WMR au .17 HMR, maana Jumamosi unapiga shabaha klabuni na yule mkulima amekuruhusu umpunguzie sungura wanaomlia ngano. Andika .22 LR. Nitakueleza kwa nini, na wapi hizo nyengine zina nafasi yake.

Zote tatu ni za ukoo mmoja. Namba ya mbele ni upana wa risasi kwa inchi; LR ni Long Rifle, WMR ni Winchester Magnum Rimfire, na HMR ni Hornady Magnum Rimfire. Fataki haikai katikati ya kitako cha ganda, imo ndani ya ukingo wake, na pini ya bunduki huuponda ukingo huo. Kwa hivyo ganda likishapigwa halijazwi tena. .22 LR ipo tangu 1887. Ya kawaida ina kichwa, yaani ile sehemu inayoruka, cha greni 40, sawa na gramu 2.6. .22 WMR ililetwa na kampuni ya Winchester mwaka 1959, uzito huohuo mara nyingi lakini kasi ya mita 570 hivi kwa sekunde. .17 HMR ni ya kampuni ya Hornady, 2002: ganda la WMR limebanwa shingo ili libebe kichwa chembamba cha greni 17, gramu 1.1 tu, kinachotoka kwa mita 777 kwa sekunde.

Namba hiyo ya mwisho ndiyo inayowavuta vijana. Ina faida yake kweli. Ukiilenga .17 HMR ipige sawa kwenye mita 100, njiani kote haipandi hata sentimita 2 juu ya mstari wa darubini. .22 LR ya mwendo wa pole ukiisawazisha kwa mita 50, kwenye mita 75 imeshashuka sentimita 8 hivi, na kwenye mita 100 zaidi ya 20. Kichwa cha sungura ni kama sentimita 5. Ukikisia masafa vibaya, ukadhani mita 50 kumbe 75, umempiga mguu na anaingia shimoni kufa kwa maumivu. Basi pima kwa hatua au kwa kifaa cha leza kabla ya kulala chini, na zaidi ya mita 60 usifyatue.

Kuhusu upepo, wengi hawaamini mpaka waone. Upepo wa pembeni wa kilomita 16 kwa saa kwenye mita 100 huisukuma .17 HMR takriban sentimita 9, na .22 LR ya pole takriban 10. Ile .22 LR ya kasi kubwa, inayotoka kwa mita 380, husukumwa zaidi, kiasi cha sentimita 15. Sababu ni kwamba inaanza juu ya kasi ya sauti, hewa inaizuia kwa nguvu na inapoteza mwendo haraka; upepo huisukuma risasi kwa kadiri inavyopoteza mwendo njiani. Ya pole, mita 320 hadi 330, haikuvuka kasi ya sauti tangu mwanzo, haina mlio mkali wa kupasua hewa, na sungura wa pili mara nyingi hubaki amekaa. Kwa klabu chukua ya pole yenye kichwa cha mviringo. Kwa sungura ya pole yenye tundu mbele, ambayo hufunguka ikiingia.

Sasa fanya kazi hii, usiiruke. Bunduki mbili za kiwanda kimoja hazipendi risasi moja, kwa sababu chemba, pale ganda linapokaa, na mtutu hutofautiana kwa unywele, na nta iliyopakwa kwenye risasi nayo ina tabia yake. Nunua pakiti moja ya 50 ya aina nne au tano. Siku isiyo na upepo, weka bunduki juu ya mifuko ya mchanga, mita 50. Kila unapobadilisha aina, piga 10 za mwanzo bila kuzihesabu, ili mtutu uvae nta mpya. Kisha piga makundi manne ya risasi tano tano. Pima kati ya matundu mawili yaliyo mbali zaidi, kutoka kitovu hadi kitovu, uchukue wastani wa makundi yote manne. Kundi lililo zuri kuliko yote lisikudanganye. Ukipata aina iliyoshinda, soma kwenye pakiti namba ya fungu, yaani zilizotengenezwa pamoja kiwandani, ununue ya kutosha ya fungu hilohilo, maana fungu jengine la jina lilelile linaweza kupiga vyengine kabisa.

.17 HMR iombe baadaye, ikiwa mashamba ni ya wazi na sungura hawakuachi ufike karibu ya mita 100. Bei ya risasi zake ni mara kadhaa ya .22 LR, inapiga kelele, inataka ufito wake mwembamba wa kusafishia, na ikimpiga kiwiliwili inaharibu nyama. Viwanja vingi vya ndani vina kikomo cha kasi na nguvu ya risasi, kwa hivyo uliza klabu kwanza. Ila ina sifa moja kubwa: mara nyingi hupasuka vipande ikigusa udongo, wakati risasi ya .22 LR hudunda kwenye jiwe au maji na kwenda isikojulikana, na inaweza kufika karibu kilomita 2. Usifyatue bila kilima au udongo laini nyuma ya sungura. WMR sikuoni nayo. Kwa kazi zako mbili haikupi kitu.

Na usije ukachanganya: .22 LR huingia kwenye chemba ya WMR, lakini inalegea humo, ganda linapasuka ubavuni na gesi ya moto inarudi usoni. Risasi ikikataa kuwaka, shikilia mtutu kwenye shabaha sekunde 30 kabla ya kufungua. Ukisikia mlio hafifu wa "pu", simama hapohapo, toa risasi zote, uchungulie mtutu ukianzia upande wa chemba. Huenda kichwa kimekwama ndani, na kinachofuata kikikikuta humo mtutu utavimba au kupasuka.

Sungura ni halali, nawe unajua. Sema Bismillahi unapofyatua, kisu kikali kiwe kiunoni, ukimkuta na uhai mchinje mara moja. Akishakufa kwa risasi, wanachuoni wamekhitilafiana; muulize sheikh wa msikiti wenu kabla ya siku ya kwanza, si baada ya kumweka jikoni.

Ukija kwa Idi, kabla ya kufunga mizigo geuza mifuko yote ya koti la shamba na upapase pindo la begi. Risasi moja ya .22 ni ndogo kama punje ya haragwe, na ikionekana kwenye mashine ya uwanja wa ndege hakuna atakayekusikiliza kwamba uliisahau. Begi la bunduki liwe la bunduki tu.

Mama'ko anakusalimu.

Babako